Barua ya wazi kwa uongozi wa hospitali: majibu ya damu ya baba yangu yalikaa kwenye trei siku 3

Kwa: Mganga Mfawidhi, Mkuu wa Maabara, Matron na wajumbe wote wa Bodi ya hospitali
Nakala: Mganga Mkuu wa Mkoa

Yah: MAJIBU YA VIPIMO VYA DAMU YASIYOSOMWA, WODI YA WANAUME

Ndugu Mganga Mfawidhi, shikamoo, na wengine wote mliotajwa hapo juu nawasalimu kwa heshima zenu.

Hii ni barua yangu ya tatu kwenu ila ndio ya kwanza kuiweka hadharani. Ya kwanza niliileta masjala kwa mkono wangu ikagongwa muhuri, ya pili nilimkabidhi katibu wa afya, na katikati hapo niliitwa kwa afisa ustawi wa jamii tukakaa kama nusu saa, dada wa watu akaandika maelezo yangu yote kwa upole kabisa akaniambia uongozi utalifanyia kazi. Sasa ni miezi minne. Nimepiga simu, nimekuja, nimekaa kwenye benchi nje ya ofisi mpaka mhudumu ananijua sura, na jibu ni lile lile, dokta yuko kikaoni. Jina la hospitali silitaji kwa makusudi, mnajijua, na lengo langu sio kuwachafua ila nataka kitu kibadilike na njia za kimya nimezimaliza zote.

Niseme mapema, mimi ni mteknolojia wa maabara, mwaka wa 11 huu nashika chupa za damu za watu. Kwa hiyo haya nayaandika kwa uchungu wa pande mbili, wa mtoto, na wa mtu ambaye kazi yenyewe anaijua na anajua inavyotakiwa kwenda.

Baba ana miaka 67, ni mkulima, hakuwa na historia ya kisukari wala presha. Aliingia kwenu siku ya Ijumaa akiwa na siku 6 za kikohozi na homa na pumzi inakata. Malaria ikapimwa hamna, kipimo cha haraka cha UVIKO-19 kikasoma chanya, oksijeni kwenye kidole 86. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa naye na ananiambia walipokelewa vizuri, ndani ya dakika chache mzee yuko kwenye oksijeni, na siku hiyo hiyo akaanzishiwa deksamethasoni, dawa ya steroidi. Hapo nawashukuru na sitanii, maana tangu mwezi wa 6 mwaka 2020 pale Waingereza walipotangaza majibu ya ule utafiti wao wa RECOVERY inajulikana kwamba miligramu 6 kwa siku mpaka siku 10 zinapunguza vifo kwa mgonjwa anayehitaji oksijeni, na mzee wangu alikuwa ni huyo huyo. Saa 11 jioni akatolewa damu. Mimi nilikuwa kazini mkoa mwingine, ruhusa nimekuja kupata Jumatatu, nikapanda basi nikafika wodini Jumanne saa 3 usiku nikamkuta baba anaongea maneno hayaeleweki, ananiita jina la shangazi yetu aliyefariki zamani.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Sampuli ilikaa saa 17 kabla ya kufika maabara.

Fomu ninayo, nimepiga picha. Muda wa kutoa damu umeandikwa Ijumaa saa 11 jioni, muhuri wa maabara kupokea ni Jumamosi saa 4 asubuhi. Damu ililala wodini usiku mzima, kwenye joto la mji wetu, kwenye chupa ya kifuniko chekundu. Watu wa maabara mnaosoma mmeshaelewa. Kwa wengine nieleze kidogo: damu ikishatoka mwilini bado seli zake ziko hai na zinakula, zinakula sukari iliyomo mle mle ndani ya chupa, kwa makadirio inashuka asilimia 5 mpaka 7 kila saa damu isipotenganishwa, ndio maana kuna chupa za kifuniko cha kijivu zenye floraidi ya kuzuia hilo. Alafu potasiamu, madini yanayogusa mapigo ya moyo, inafanya kinyume, inavuja toka ndani ya seli inaonekana imepanda. Sasa majibu ya baba yalikuja sukari 6.8, ukiitazama hivi unasema safi kabisa, na potasiamu 6.4 ambayo ikiwa ya kweli moyo unaweza kusimama. Ile sukari ilikuwa haiaminiki hata kidogo. Na ile potasiamu, ama ni ya kweli na mzee yuko hatarini, ama ni ya uongo kwa sababu ya kuchelewa na inatakiwa damu mpya mara moja, ila kwa vyovyote vile haikuwa namba ya kuprinti na kuiacha. Sampuli ya namna hiyo mwenzangu aliyeipokea angeikataa kwenye dirisha, akaandika imekataliwa kwa kuchelewa, akapiga simu itolewe nyingine. Simlaumu kijana, nimeongea naye, alikuwa peke yake zamu nzima, lakini nauliza utaratibu wenu wa kukataa sampuli umeandikwa wapi na nani anausimamia.

2. Majibu ya hatari hayakupigiwa simu na hakuna aliyeyasoma.

Hili ndilo linaloninyima usingizi.

Karatasi iliprintiwa Jumamosi saa 9 alasiri. Mimi ndiye niliyeikuta, Jumanne usiku, kwenye ile trei ya kijani pale kaunta ya manesi, chini ya karatasi nyingine nyingi za wagonjwa wengine. Nilikuwa namtafutia baba faili lake nikaona jina lake. Yaani Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne, raundi zimepita asubuhi zote hizo na kwenye faili imeandikwa "vipimo vya damu, majibu yanasubiriwa", siku nne mfululizo mwandiko tofauti maneno yale yale, na kuanzia Jumamosi alasiri majibu yenyewe yako hatua sita kutoka kitandani.

Ndani ya ile karatasi kulikuwa na nini? Limfosaiti 0.6, ziko chini sana. Zile ni seli nyeupe za kupambana na virusi na kwenye ugonjwa huu kushuka kwake ni kitu cha mwanzo kabisa kilichoonekana, wale Wachina walioandika mwanzoni mwa 2020 kuhusu wagonjwa 1,099 walikuta zaidi ya 8 katika kila 10 wameingia hospitali limfosaiti zikiwa chini ya 1.5. Na hii haina gharama ya ziada, inatoka kwenye FBP (hesabu ya seli za damu) ile ile ambayo kila mtu anapimwa, ni kuangalia mstari wa pili tu badala ya kuishia kwenye wingi wa damu. CRP, kipimo kinachoonyesha mwili unawaka kiasi gani, 142 wakati kawaida haitakiwi kuzidi 10. Na kreatinini, taka ambayo figo ndio zinaichuja, 168, ambapo kwa mwanaume inatakiwa isizidi kama 110 hivi. Yaani figo zilikuwa zimeshaanza kulalamika toka siku ya kwanza.

Na kwa sababu hiyo karatasi hakuna aliyeiona, baba aliendelea kuchomwa sindano ya diklofenaki ya maumivu ya mwili, asubuhi na jioni, Ijumaa mpaka Jumanne. Chati ya dawa ninayo picha yake. Hakuna daktari wa kwenu, hata huyo wa mafunzo, ambaye ukimwambia mgonjwa ana miaka 67, hali chakula vizuri, ana homa, kreatinini 168, atakuandikia diklofenaki, anajua kabisa ile dawa inakaba mishipa inayopeleka damu kwenye figo. Wameiandika kwa sababu hawakujua. Na hawakujua kwa sababu ile namba ilikuwa imelala kwenye trei. Jumatano alfajiri damu ilipotolewa tena, safari hii nimeipeleka maabara kwa miguu yangu mwenyewe nikasubiri pale dirishani, kreatinini ilisoma 412.

Maabara yenu ina cheti cha nyota kimetundikwa ukutani pale mapokezi, nimekiona, hongereni. Ila mnajua na mimi najua kwamba nyota zile za SLIPTA, ule mpango wa kuboresha maabara hatua kwa hatua, na hicho kiwango cha kimataifa cha maabara za tiba cha ISO 15189 kinachofuatwa vyote vinadai kitu kimoja hiki, jibu la hatari likitoka mhusika wa mgonjwa ataarifiwe mara moja na iandikwe nani kapiga, nani kapokea, saa ngapi. Niliomba kuona hilo daftari. Nililetewa daftari lipo kweli, ila mara ya mwisho kuandikwa ilikuwa wiki 7 nyuma.

3. Mgonjwa yuko kwenye deksamethasoni na sukari haipimwi.

Deksamethasoni inapandisha sukari, hilo hata muuza duka la dawa anajua, na UVIKO-19 wenyewe unaivuruga sukari kivyake hata kwa mtu ambaye hajawahi kuwa na kisukari. Kwenye chati ya baba kuna joto, kuna mapigo, kuna oksijeni, safu ya sukari iko tupu kuanzia Ijumaa mpaka nilipofika. Niliomba mashine ya kidole nikaambiwa stripu zimeisha wiki iliyopita. Nikatoka nje ya geti nikanunua mashine na stripu zake duka la dawa nikarudi nikampima mwenyewe, ikaandika HI. HI maana yake sukari imepita mpaka pale ambapo mashine inaweza kusoma. Nilimuonyesha daktari wa zamu akashtuka kweli, akakimbia, insulini ikaanza, maji yakaanza, na kwa hilo namshukuru sana kijana yule maana usiku ule hakukaa chini. Lakini ilikuwa ni usiku wa tano wa dawa. Na ile 6.8 ya uongo ya Jumamosi, niliwaza sana baadaye, hata kama mtu angeisoma ingemwambia sukari iko vizuri asiwe na wasiwasi. Ndio ubaya wa jibu baya, linaweza kuzidi hata ubaya wa kutopima.

4. Ndugu kutumwa nje na chupa za damu kutafuta vipimo vya bei kubwa.

Wakati karatasi ya bure iko kwenye trei, Jumapili mdogo wangu alipewa chupa mbili na kikaratasi akaambiwa kapime nje D-dima na feritini. Jumatatu tena D-dima, maabara nyingine maana ile ya kwanza mashine imeharibika. Jumla elfu 145. Mdogo wangu ni bodaboda.

Sijasema D-dima haina maana, ina maana. Ni vile vipande vinavyobaki bonge la damu likivunjwa mwilini, na mwezi wa 3 mwaka 2020 madaktari wa Wuhan walipofuatilia wagonjwa 191, ambao 54 kati yao walifariki, waliona walioingia na D-dima ya zaidi ya maikrogramu 1 kwa mililita ndio waliokuwa na hatari kubwa. Tatizo ni kwamba inapanda pia kwa umri, kwa ujauzito, kwa upasuaji, kwa maambukizi karibu yoyote, na zaidi ya yote inaripotiwa kwa yuniti tofauti. Majibu ya Jumapili yaliandikwa 1.4. Ya Jumatatu yaliandikwa 2650. Hakuna yuniti kwenye karatasi ya kwanza, hakuna kiwango cha kawaida kwenye ya pili. Familia nzima usiku ule ililia, mama alijua ndio basi, toka moja mpaka elfu mbili na mia sita. Na daktari wa zamu naye akaandika dozi ya enoksaparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, iongezwe mara mbili, ikachomwa Jumatatu usiku.

Mimi nilipofika niliwapigia maabara zote mbili. Ya kwanza inaripoti kwa maikrogramu na aina ile ya yuniti inayoitwa DDU, ya pili kwa nanogramu na FEU, na FEU ni karibu mara mbili ya DDU. Ukibadilisha, ile 1.4 ni kama 2800. Yaani D-dima ya mzee haikupanda kabisa, ilikuwa pale pale, pengine imeshuka kidogo. Tumelia bure, tumekopa bure, na mtu ambaye figo zake zinakufa ameongezewa dawa inayotolewa mwilini na figo hizo hizo. Namshukuru Mungu hakuvuja damu.

Na feritini, protini ya kutunza madini ya chuma ambayo nayo hupanda mwili ukiwaka? Ilikuja 1,180, iko juu, haya, ikabadilisha nini? Hakuna kilichobadilika kwenye matibabu, hata mstari mmoja. Kule kwa wenzetu hizi namba zinafungua mlango wa dawa, kwa mfano kwenye huo huo utafiti wa RECOVERY mgonjwa wa oksijeni mwenye CRP kuanzia 75 ndiye aliyeingizwa kwenye kundi la kujaribiwa tosilizumabu, dawa ya kutuliza kinga ya mwili. Sisi hiyo dawa hatunayo kwenye stoo. Basi kabla hamjamtuma mtu na chupa nje kwa hela ya mkopo, muulizane wenyewe jibu likija juu tutafanya nini na likija chini tutafanya nini, kama ni kile kile basi mwacheni mgonjwa na damu yake. Kuna ule mfumo wa alama wa Waingereza unaitwa 4C, umetengenezwa kwa taarifa za wagonjwa zaidi ya elfu 35 waliolazwa, una vitu 8 tu vya kukadiria nani yuko hatarini: umri, jinsia, magonjwa mengine, kasi ya kupumua, oksijeni, ufahamu, na kwenye damu ni viwili basi, urea na CRP. Sisemi muuchukue ulivyo, umepimwa kwa watu wa kule. Nasema tu hata wao wenye kila mashine walipochuja waliishia kwenye vipimo ambavyo nyie mnavyo hapo hapo ndani.

5. CRP kutumika kama tiketi ya antibayotiki.

Hili ni fupi. CRP waliyopima tena Alhamisi ilikuwa 96, imeshuka kutoka 142, na bado kwenye faili ikaandikwa "CRP juu, ongeza seftriaksoni", ambayo ni antibayotiki. CRP ni protini inayotengenezwa na ini mwili ukiwaka, iligundulika mwaka 1930 kwenye damu ya wagonjwa wa nimonia ya bakteria na nadhani ndio maana watu mpaka leo wakiiona juu wanawaza bakteria, lakini UVIKO mkali peke yake unaipeleka juu ya 100, malaria inaipandisha, TB inaipandisha. Namba moja ni picha, cha kuangalia ni mwendo wake, na ikishuka kutoka 142 hadi 96 mgonjwa anaelekea kuzuri. Shirika la Afya Duniani mwezi wa 4 mwaka 2024 lilisema ni asilimia 8 tu ya waliolazwa na UVIKO-19 ndio walikuwa na maambukizi ya bakteria ya kuhitaji antibayotiki, ila karibu watatu katika kila wanne walipewa, na kwa kanda yetu ya Afrika ilifika asilimia 83. Wapo waliokuwa wanahitaji, sikatai, ila kwa baba hakuna aliyeuliza.

Sasa najua mtakayosema maana mengine nimeshaambiwa.

Mtasema watumishi wachache. Ni kweli, usiku ule nilihesabu wagonjwa 34, nesi mmoja na mwanafunzi mmoja, na yule nesi nilimuona anakula mkate amesimama. Lakini toka maabara mpaka wodini simu inachukua dakika moja, na kutafuta hospitali ya kumsafisha mgonjwa damu baadaye kulichukua siku mbili za watu wanne. Uchache wa watu ndio sababu ya kuchagua kipi kifanyike kwanza, na potasiamu 6.4 inatakiwa iwe ya kwanza.

Mtasema vitendanishi na vifaa. Mwaka 2021 nchi yetu Tanzania ilipata ule mkopo wa IMF wa trilioni 1.3 kwa ajili ya UVIKO-19, hospitali zikapata mitambo, vitanda vya uangalizi maalumu, oksijeni, na tuliona kwa macho yetu. Mashine za maabara yenu zinafanya kazi, vitendanishi vya kreatinini vilikuwepo, FBP ilikuwepo, CRP ilikuwepo. Hicho kipimo kilifanyika! Hapa hakikukosekana kifaa, ilikosekana njia ya karatasi kutoka printa mpaka mkononi kwa mtu wa kuisoma. Stripu za sukari ndio kweli ziliisha, na nauliza, wodi inayotoa deksamethasoni kila siku inakaaje wiki nzima bila stripu na hakuna aliyepaza sauti.

Mtasema UVIKO wenyewe unaharibu figo, mzee angeumwa figo hata bila diklofenaki. Inawezekana kabisa, na mimi sijasema nina uhakika nini kilizimaliza. Ndio maana kreatinini ilipimwa lakini, ili mtu ajue mapema azilinde.

Na mtasema mimi ni mtu wa maabara sio daktari. Sawa, naikubali mipaka yangu. Ila kazi ya maabara haiishi pale mashine inapotoa namba, inaisha pale anayemtibu mgonjwa anapoijua hiyo namba. Nilifundishwa hivyo mwaka wa kwanza chuoni na nyie wengine ndio mliotufundisha watu kama mimi.

Ninachoomba sio hela na sio mtu kufukuzwa, nimeshamwambia afisa ustawi wa jamii na narudia. Naomba kila chupa ya damu iandikwe saa ya kutolewa na saa ya kupokelewa, na iliyozidi muda mliojiwekea ikataliwe pale pale na itolewe nyingine. Naomba kuwe na orodha ya majibu ya hatari imebandikwa maabara na wodini, potasiamu, sukari, kreatinini, wingi wa damu, na simu ipigwe ndani ya nusu saa, anayepokea ayarudie majibu kwa mdomo na jina lake liandikwe, na Mkuu wa Maabara awe analipitia lile daftari kila wiki na kutia sahihi. Naomba trei iondoke, majibu yaingie kwenye faili la mgonjwa na asubuhi kabla ya raundi mtu mmoja anayejulikana kwa jina awe na kazi ya kuuliza ya nani hayajarudi, maana "yanasubiriwa" haiwezi kuwa jibu la siku nne. Naomba mgonjwa yeyote aliye kwenye deksamethasoni sukari yake ipimwe kila siku asubuhi na jioni kwa uchache, na kreatinini ionekane kabla ya kuandikiwa diklofenaki, jentamaisini na enoksaparini ya dozi kubwa. Ndugu wakitumwa nje iandikwe kwenye faili jibu hilo litabadilisha nini, na karatasi isiyo na yuniti na kiwango cha kawaida irudishwe ilikotoka. Na zile karatasi nyingine zilizokuwa kwenye trei usiku ule, zilikuwa za watu. Naomba mzifuatilie moja moja, na kama kuna familia haikuambiwa kitu iambiwe.

Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 30. Nikiitwa nitakuja, na kama mnataka kusaidiwa kupanga hilo daftari na hiyo orodha nitakuja kwa nauli yangu siku zangu za likizo nikae na vijana wa maabara na manesi, kwa moyo mmoja kabisa, nimeshafanya kitu kama hicho kazini kwangu na kilichukua wiki mbili tu kuzoeleka.

Baba yupo. Alisafishwa damu mara 3 kwenye hospitali nyingine, figo zikarudi nusu nusu, kreatinini ya mwezi uliopita ilikuwa 190 na daktari wa kliniki anasema huenda ikabaki hapo hapo. Shambani haendi tena, anakaa barazani anapanga mahindi ya mbegu na kila nikimpigia simu ananiuliza kama ile hospitali wamenijibu.

Wiki iliyopita nilikuja kufuatilia barua yangu ya pili, nikapita wodini kumsalimia yule nesi. Trei ya kijani bado iko pale kaunta na ina karatasi.

Wenu katika huduma,
Binti wa mgonjwa wa kitanda namba 14, wodi ya wanaume